Nilivyojifunza kupiga ngoma ya wachawi ya mwaka 1609 kwa gitaa

Katika muziki wote uliotungwa kwa ajili ya maski, yaani yale maonyesho ya mashairi, nyimbo na ngoma yaliyoandaliwa katika majumba ya wafalme wa Uingereza, hakuna ulionivutia kama ngoma ya wachawi iliyochezwa Whitehall tarehe 2 Februari 1609, katika The Masque of Queens ya Ben Jonson, mshairi na mwandishi wa tamthilia wa Kiingereza. Nakala yake ya luti, ala iliyotokana na udi uleule tunaousikia katika taarab, ilichapwa mwaka 1610 katika kitabu cha Robert Dowland. Kwa kuwa luti sikuwa nayo, nilikusudia kuipiga kwa gitaa.

Nililegeza uzi wa tatu kwa nusu sauti ili mpangilio wa nyuzi ulingane na wa luti, kisha nikafunga kapo, yaani kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya tatu (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Baada ya hapo niliweza kusoma maandishi ya zamani moja kwa moja: mistari sita ni nyuzi sita, mwembamba ukiwa juu, herufi a ni uzi usiobanwa, b ni freti ya kwanza kuanzia kwenye kapo, na alama za urefu wa sauti zimewekwa juu ya mistari. Kwa mkono wa kulia nilipokezana dole gumba na kidole cha shahada, gumba likibeba pigo zito, na ngoma ikaanza kupata mwendo wa miguu.

Kazi kubwa ilikuwa mapigo, kwa sababu muziki huu umejaa vipande vifupi vinavyosimama ghafla na kugeuka. Ufumbuzi niliupata kwa Jonson mwenyewe, anayeeleza kwamba wachawi walicheza wakiwa wamepeana migongo, wakizunguka kinyumenyume kuelekea kushoto huku wakitikisa vichwa na miili. Nikaanza kuhesabu kwa sauti hata palipo kimya, nikiona kila kituo kuwa mwili unaogeuka, na vipande vikashikamana.

Mwishoni sipunguzi kasi kamwe, ingawa wapigaji wengi hupenda kufanya hivyo. Katika onyesho lile, ngoma ilikatizwa katikati na muziki wa kishindo, wachawi wakatoweka pamoja na mandhari ya jehanamu yao, na jengo la Nyumba ya Sifa likaonekana, Malkia Anne, mke wa Mfalme James, akiwa miongoni mwa malkia kumi na wawili walioketi humo. Kwa hiyo naikata ngoma ikiwa bado na nguvu, na papo hapo naanza ngoma ya kwanza ya malkia, iliyomo katika kitabu hichohicho, kwa mwendo wa utulivu.