Nyuki ndani ya besi

Jumamosi usiku

Leo nimeifungua besi yangu, gitaa la umeme la nyuzi nne nene, kwa mara ya nne mwaka huu, na ni mara ya kwanza naifunga bila skrubu kubaki mkononi.

Chanzo ni nyuki. Tangu Jumanne kila nikiichomeka kwenye spika unatoka mvumo mfululizo, hata kama sijagusa uzi. Mazoezini Alhamisi mpiga kinanda akaniomba nizime hilo friji langu. Nikameza tu. Friji lenyewe nililinunua laki tatu na nusu, na hakuna aliyekuwepo pale ambaye hajawahi kunishauri nitafute kitu cha maana.

Kwa haraka mtu angelaumu pikapu, yaani sumaku yenye koili chini ya nyuzi inayonasa mtetemo wake, maana ndiyo inayoonekana. Ila besi yangu ni nakala ya nakala ya Precision, besi ya kampuni ya Fender ya Marekani, na pikapu yake imekatwa vipande viwili: kimoja kwa nyuzi mbili nene, kingine kwa zile nyembamba. Fender walianza kuikata hivyo mwaka 1957, na haikuwa kwa ajili ya urembo. Koili za vipande hivyo zimepangwa kinyume, kwa hiyo uchafu wa umeme unaotoka kwenye mota na nyaya za ukutani unaingia pande zote mbili na kujifuta, wakati sauti ya uzi inapita. Pikapu ya namna hiyo hainung'uniki ovyo. Nikasema basi, nyuki kajificha pengine.

Nikaweka kiganja juu ya nyuzi zote nne. Mvumo ule ule. Nikagusa chuma cha jeki ya waya: kimya. Nikaachia, nyuki karudi. Nikarudia mara tano kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Hapo nilikuwa nimeshamjua. Kuna waya mmoja mwembamba unaotoka mgongoni mwa kitufe cha volyumu, unapita kwenye tundu lililotobolewa ndani ya mti na kuishia chini ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Kazi yake ni kuziunganisha nyuzi na ethi, na mimi mpigaji nikiwa nimezishika nakuwa sehemu ya hiyo ethi. Mwisho wake haujatiwa lehemu popote. Umebanwa tu na daraja. Ukishika nyuzi na mvumo hautulii, lakini ukishika jeki unatulia, ujue huo waya umeacha kazi.

Nikalegeza nyuzi, nikatoa skrubu tano, nikanyanyua daraja. Loo! Ncha ya waya ilikuwa imeota kutu ya kijani kama sarafu iliyookotwa ufukweni, nyuzi zake ndogo zimekatika zote isipokuwa mbili. Ni jasho langu. Mkono wa kulia unalala juu ya daraja hilo saa nzima, hapa Dar, mwezi wa pili, feni ikizungusha joto lile lile. Nikaikata ile ncha, nikamenya waya mpaka nikapata shaba safi, nikaisambaza kama fagio, nikapiga msasa chini ya daraja na kulirudisha. Dakika arobaini, shilingi sifuri, plasta moja kwenye kidole gumba.

Mwaka jana nisingethubutu. Mwaka jana jeki ya kwenye besi, pale waya unapochomekwa, ililegea, nati ikawa inazunguka na mimi naikaza kwa vidole kutoka nje, bila kujua kwamba ndani nazisokota nyaya mpaka zikakatika. Duka moja la vyombo likaniambia ninunue mfumo mzima wa ndani. Jirani akanipeleka kwa fundi redio mmoja Ilala, anayekaa barazani kati ya redio za mkulima na feni zisizo na mapanga. Nikamwamkia, nikamwonyesha, nikaomba radhi kwamba hiki si kitu cha fani yake. Akaichungulia kama anayemtazama mtoto wa ndugu yake. "Mama, hii ni redio tu isiyo na stesheni."

Alinitoza elfu tatu, na kwa pesa hiyo hiyo akanifundisha kutia lehemu. Pasha kiungo, usipashe lehemu. Kiungo kikishapata moto, lehemu inakimbilia yenyewe kama maji kwenye mchanga. Ikipoa iking'aa, umepata. Ikiwa na rangi ya jivu na imejikunja kama tone la nta, rudia. Nilirudia mara sita mbele ya wateja wake.

Baadaye ndipo nilipopata habari iliyonifurahisha kupita kiasi. Leo Fender, aliyetoa besi hii ya Precision mwaka 1951, mwenyewe alikuwa fundi redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio Fullerton, California, mwaka 1938, na gitaa hakuwahi kujifunza kulipiga. Ukilijua hilo, chombo kizima kinasomeka. Shingo imefungwa kwa skrubu nne, kwa hiyo ikipinda unafungua unaweka nyingine. Volyumu na toni zimening'inia kwenye bamba moja unalolinyanyua kwa bisibisi. Si chombo cha mapambo, ni kifaa cha mtu aliyezoea wateja wanaorudi na malalamiko. Yule mzee wa Ilala hakukosea hata nukta.

Nikirudi kwenye siku ya kununua, sitajisifu sana. Kariakoo muuzaji aliniuliza, "Dada, unamnunulia mwanao?" Nikasema ndiyo, nikaona inanipunguzia maswali. Akanitolea moja nyekundu, inang'aa kama baskeli mpya, ya betri ya volti 9. Nikaikataa. Zile za betri zinawaka pale unapochomeka waya, na ukisahau kuchomoa usiku kucha, asubuhi betri ni jiwe. Mimi nasahau mpaka chai jikoni. Nikachukua hii ya kahawia, iliyotumika, yenye vumbi la miaka.

Niliinyanyua na kufumba jicho moja, nikaangalia shingo kutoka kichwani kwenda chini, jinsi seremala anavyokagua ubao. Halafu nikabana uzi mnene kwenye freti, vile vyuma vya kukingama shingoni, ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, nikatazama nafasi iliyobaki katikati. Kadi ya simu ingepita kwa shida, na ndivyo inavyotakiwa. Nikapiga freti moja moja, zote ishirini, kwa nyuzi zote, huku muuzaji akipiga miayo. Mbili zilikuwa zinakwaruza. Nikaomba anipunguzie elfu hamsini kwa ajili ya hizo mbili, akapunguza thelathini. Nilichosahau kupima ni mkono wangu: uzi unaotetema una urefu wa inchi 34, na kidole changu kidogo hakikuwa na taarifa. Wenye mikono kama yangu waulizie zile fupi za inchi 30.

Kuhusu spika, naona aibu. Miezi miwili ya kwanza niliichomeka kwenye sabufa ya sebuleni. Uzi mnene kabisa wa besi, ukiupiga mtupu, unatetema mara 41 kwa sekunde, na unapoupiga kwa nguvu unatuma teke ambalo wimbo uliorekodiwa hautumi, maana studio wameshalifuga. Ijumaa moja karatasi ya spika ikachanika kwa sauti ya kanga inayopasuliwa. Mwenzangu hakusema kitu kwa siku mbili. Siku ya tatu akaweka taarabu, ikatoka kama mtu anayeimba akiwa ndani ya ndoo, akanitazama. Nikanunua spika ya kinanda iliyotumika, wati 60, ambayo imejengwa kustahimili sauti nene, na sabufa nikaigharamia.

Umeme ukikatika nina njia nyingine. Naegemeza kichwa cha besi kwenye mlango wa kabati la nguo na kupiga. Mbao zinaitikia, chumba kizima kinaguna, na ndani ya kabati hangeri zinacheza. Jaribuni.

Nyuzi sizibadilishi. Seti moja nzuri inakula bei ya gunia la mkaa. Niliwahi kuzichemsha kwenye sufuria la maharage kutoa mafuta ya vidole, zikalia kama mpya kwa wiki mbili, kisha zikarudi kulala, na kwa sababu nilizitoa zote kwa mkupuo wakati wa masika, shingo nayo ikarudi nyuma, nikakaa siku tatu nakaza na kulegeza fimbo ya chuma iliyo ndani yake kwa alenki, robo mzunguko kwa siku. Tangu hapo najifariji na James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, Marekani. Anasifika kwa kuacha nyuzi zile zile mpaka zikatike. Yeye alikuwa Jamerson, najua.

Mjomba wangu aliyepiga besi kwenye bendi za dansi alinitembelea Krismasi. Enzi zao vyombo vilikuwa mali ya shirika au chama chenye bendi, na mpigaji akihama anaondoka na vidole vyake tu. Alipiga miaka kumi na moja bila kumiliki hata uzi mmoja. Nilipompa hii yangu hakuanza kuipiga. Aliigeuza kwanza, akatazama mgongoni, akapapasa mti kwa kiganja. Nikamuuliza anatafuta nini. "Namba," akasema. Yake ilikuwa na namba ya mali, imepakwa kwa rangi nyeupe kama kiti cha ofisini. Kisha akacheka, akauliza, "Kwa hiyo mjomba, hii ikiharibika unamwandikia nani?"

Saa tano kasoro sasa. Nimekaza nyuzi, nimechomeka, nimepandisha volyumu mpaka mwisho na kuweka kiganja juu ya nyuzi. Hakuna nyuki. Nasikia feni, mbwa wa jirani, na mwenzangu akigeuka kitandani. Nimepiga uzi wa D polepole, na katika ukimya huo ndipo nimesikia kitu ambacho mvumo ulikuwa umekifunika muda wote: skrubu ya sikio lake, kile kigeuzio cha kukazia uzi, imelegea, inalia tititi baada ya sauti kuisha. Bisibisi ndogo iko jikoni, lakini huyo ni wa kesho.