Nilivyoiona marathoni ya Olimpiki ya Paris bila tiketi

Watu watatu waliniambia nisiende Paris. Wa kwanza alisema nitahitaji viza nyingine ya Ufaransa. Wa pili alisema bila tiketi nitaona migongo ya watu tu. Wa tatu akapiga hesabu ya hoteli, akaniambia posho yangu haitoshi hata usiku mmoja. Wote walinitakia mema na wote walikosea. Mpaka leo naona vijana wanaokwenda Ulaya kwa programu za kubadilishana wakiambiwa maneno yaleyale, na yananiudhi.

Mwaka 2024 nilikuwa Freiburg, kusini mwa Ujerumani, nikijitolea kwenye chekechea na kuishi na familia mwenyeji. Jambo lililonipa shida zaidi mwanzoni halikuwa baridi wala lugha. Mwenyeji wangu alitaka nimwite kwa jina lake, basi. Mwanamke anayemzidi mama yangu umri! Wiki mbili nilikuwa naanza kuongea naye bila kumwita chochote, hadi akaniuliza kama nina kinyongo naye. Nilipomweleza alinishika mkono akasema, niite unavyomwita mtu wa umri wangu kwenu. Akawa Mama, na mumewe akawa Baba, na nyumba ikatulia.

Baba ndiye aliyeniambukiza homa ya mashindano. Kombe la Mataifa ya Ulaya lilikuwa nchini kwao kuanzia Juni, na Julai 5 alinipeleka Stuttgart, Ujerumani ikicheza na Uhispania robo fainali. Hatukuwa na tiketi ya uwanjani. Tulisafiri kwa tiketi ya mwezi, mwaka ule ikiwa euro 49, inayokupandisha treni zote za mikoani nchi nzima ilimradi si zile za mwendo kasi, tukasimama uwanja wa Schlossplatz mbele ya skrini. Tulifika saa nyingi kabla ya mechi, na vizuri tulifanya hivyo, maana eneo likijaa wanafunga lango na hakuna kubembelezana. Dakika ya 119 Mikel Merino wa Uhispania akafunga kwa kichwa. Baba alikunja skafu yake akaitia mfukoni, na hakusema neno mpaka tulipokaribia nyumbani. Siku ile ndipo nilipojua kwamba bila kiti uwanjani bado unaweza kuwa ndani ya tukio.

Hata hivyo nilikitamani kiti. Nilitaka kuingia Stade de France usiku wa Agosti 10, Faith Kipyegon akikimbia fainali ya mita 1500. Kulikuwa na ukurasa rasmi ambapo watu waliuza tena tiketi zao, nami nikakaa nao usiku kucha kama mvuvi na ndoano. Tiketi ya bei ndogo ikitokea, kabla hujabonyeza imekwenda. Usiku wa nne mtu mmoja kwenye kundi la simu la wanaojitolea akasema anayo, euro 90 hivi, na akanitumia picha ya skrini yenye msimbo wa QR. Jina la mashindano lilikuwapo, namba ya kiti ilikuwapo. Nilituma euro 40 za kishika nafasi. Asubuhi nikamwonyesha Baba kwa furaha, naye akauliza swali moja: kwa nini hakuhamishii kwenye programu ya simu? Moyo ukanishuka. Tiketi zile zilikaa ndani ya programu rasmi tu, na msimbo wenyewe haukutokea mpaka siku za tukio zikaribie. Picha ya skrini ya mwezi mzima kabla ilikuwa ushahidi tosha wa utapeli. Nilipomwandikia tena alikuwa ameshanizuia. Ukiletewa picha ya tiketi, usitume hata senti. Mwambie aihamishe rasmi kwanza.

Nililia kidogo, kisha nikafungua ramani ya marathoni.

Mbio za barabarani hazina tiketi kando ya njia. Hilo kila mtu anaweza kukuambia. Wasichokuambia ni mahali pa kusimama. Mimi nilikimbia mita 1500 hadi UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, na najua hivi: kwenye tambarare, wanaume wa daraja lile wanakwenda karibu mita sita kwa sekunde. Umesubiri saa tatu, wamepita kabla hujainua simu. Njia ya Paris ilianzia Hôtel de Ville, ikaenda Versailles, ikarudi kuishia Les Invalides, ikifuata kumbukumbu ya maandamano ya wanawake waliotembea hadi Versailles mwaka 1789. Ilikuwa na jumla ya mita 436 za kupanda. Nilipotazama mchoro wa miinuko nikaona, karibu na kilomita ya 29 upande wa Meudon, mstari umesimama kama ukuta. Mwinuko wa zaidi ya asilimia 13. Nikajisemea hapo ndipo nitasimama. Kilimani mwanariadha anafupisha hatua, unamwona uso, unamwona anavyopumua, na yeye anakusikia.

Viza haikuhitajika. Ukiwa na kibali halali cha ukaazi cha Ujerumani pamoja na pasipoti, unaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, Ufaransa ikiwamo, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba vyote viwili, si nakala. Mpakani polisi waliingia kwenye basi letu usiku wa manane, wakaangalia kadi yangu, wakanirudishia. Malazi nayo nilipata kwa dada mmoja Mfaransa aliyewahi kujitolea Iringa. Aliniandalia kochi Saint-Denis nami nikampelekea majani ya chai ya kwetu. Waliowahi kushiriki programu kama yako wako kila mji, waulize wao kabla ya hoteli. Nauli za metro zilikuwa zimepandishwa kwa msimu wa michezo kutoka euro 2.15 hadi 4, lakini Baba alipita Paris mwezi Juni akaninunulia tiketi kumi za bei ya zamani, na zilikubali. Basi la kwenda na kurudi lilikula kama robo ya posho.

Jumamosi ya Agosti 10, alfajiri, nilishuka kwenye basi, nikapanda treni ya Montparnasse kwenda Meudon, nikafuata watu. Nilifunga kanga yangu kwenye uzio wa chuma. Maandishi yake yalikuwa "Mwenda pole hajikwai". Bibi mmoja wa Kifaransa, aliyekuja na mjukuu wa miaka kama kumi, aliniuliza yanasema nini, na nilipomfasiria kwa Kifaransa changu cha kuokoteza alitazama kile kilima akatikisa kichwa kukubali. Kijana akataka neno la kushangilia. Nikamfundisha "kaza!" Kufika saa tatu asubuhi Waethiopia wa upande wa pili, Wakenya wawili kutoka Eldoret na yule bibi na mjukuu wake walikuwa wanapiga kelele moja: kaza, kaza, kaza.

Mbio zilianza saa mbili. Kama saa tatu na nusu pikipiki zikatokea, na nyuma yake Tamirat Tola wa Ethiopia, aliyeitwa dakika za mwisho kuziba nafasi ya mwenzake aliyeumia. Alikuwa anaachana na wenzake palepale, mbele ya macho yangu. Alishinda kwa saa 2:06:26, rekodi ya Olimpiki, juu ya njia ile ngumu. Kisha nikamwona Alphonce Simbu, Mtanzania wetu. Mimi ni wa Singida kama yeye. Nilipaza sauti mpaka ikakatika, na yule kijana wa Kifaransa akaimalizia kwa niaba yangu: "Simbu, kaza!" Siku ile alimaliza wa 17. Kwangu haikupunguza kitu. Nilimwona akipanda bila kuinamisha kichwa.

Tulingoja bado. Eliud Kipchoge wa Kenya, bingwa mara mbili wa marathoni ya Olimpiki, alikuja nyuma sana, zaidi ya dakika nane, na kilima kizima kilimpigia makofi kana kwamba anaongoza. Wale Wakenya walinyamaza. Mmoja alivua kofia. Baadaye tulisikia amesimama baada ya kilomita ya 30 kwa maumivu ya mgongo, na viatu vyake akawaachia mashabiki.

Jioni tuliangalia skrini kubwa, Emmanuel Wanyonyi akachukua dhahabu ya mita 800 na Kipyegon akaitwaa ya tatu mfululizo kwenye 1500. Sikuwa uwanjani na sikujuta.

Jumapili nilikosea. Wanawake walikimbia njia ileile, na badala ya kurudi kilimani nilikwenda mwisho, Les Invalides, kwa sababu kila mtu alikuwa anakwenda huko. Niliona vichwa na simu zilizoinuliwa. Mwisho wa kusisimua namna ile, Sifan Hassan wa Uholanzi na Tigst Assefa wa Ethiopia wakisukumana hatua za mwisho, Hassan akishinda kwa sekunde tatu, Hellen Obiri wa Kenya akifuata, na mimi nilisikia mngurumo tu. Nendeni kilimani.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimerudi Singida. Septemba 15, 2025, usiku wa manane kwetu, Simbu alikuwa anakimbia marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo. Mama mzazi aliamka kwa sababu yangu, tukakaa mbele ya simu moja. Mita za mwisho alikuwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, na nilijua kwamba Freiburg kuna nyumba moja ambayo taa inawaka wakati ule. Wakavuka pamoja. Wote wawili saa 2:09:48. Picha ndiyo iliyoamua, Simbu kwa sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya dunia ya riadha kwa Tanzania.

Simu ilitetemeka kabla sijamaliza kupiga kelele. Ilikuwa sauti ya Mama wa Freiburg, anacheka na kulia, na nyuma yake Baba anasema kwa Kiswahili alichokiokota kwangu: "Hongera, binti. Hongera sana." Nikaituma kwa yule bibi wa Meudon. Asubuhi mjukuu wake alijibu kwa neno moja, na aliliandika bila kosa.