Kutoka Pasua hadi mnara wa Kigomasha

Jirani yangu wa duka hapa Pasua, Moshi, ni Mpemba wa Konde. Yeye anauza vitambaa, mimi ni fundi umeme, na kahawa ya asubuhi tunainywa benchi moja mwaka wa kumi na moja sasa. Mlima ukifunguka mapema huwa namwambia kwamba sisi watu wa Moshi hatupotei, maana Kibo ukishaiona, mita 5,895 zile, unajua kwenu ni upande gani.

Siku moja akanijibu, "Mlima wenu mwauona mchana, tena mawingu yakipenda. Wetu sisi huonekana usiku."

Mlima wao ni mnara wa taa wa Ras Kigomasha, kwenye ncha ya kaskazini ya Pemba, uliojengwa na Waingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Marehemu baba yake alikuwa mvuvi, na usiku wa giza aliisaka taa ile kwanza ndipo aelekeze chombo nyumbani. Mwenyewe magoti hayamruhusu tena safari ndefu. Julai iliyopita nikamwambia nakwenda kuuona.

Basi la Moshi hadi Dar es Salaam sina la kusema juu yake, ni zaidi ya kilomita 550 za kukaa tu. Boti ndiyo iliyonifundisha adabu. Hadi Unguja tulikwenda salama. Kutoka Unguja kwenda Mkoani, bandari ya Pemba, tulipoipita Ras Nungwi tu, kisiwa kikaacha kutukinga na kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likatushika. Julai ni msimu wake hasa. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alinipa ndimu iliyokatwa nusu, akaniambia ninuse, nisiangalie chini, nitazame mbali panapokutana maji na mbingu. Nilimtii mpaka gatini. Ukienda, nunua ndimu zako mapema, na kitambulisho kiwe mfukoni, usikizike ndani ya begi.

Mkoani hadi Chake Chake ni daladala, Chake hadi Konde daladala nyingine. Baada ya Konde nikachukua bodaboda, na hapo njia inaingia msitu wa Ngezi. Mtu wa Kilimanjaro anaujua msitu, lakini huu uko karibu kabisa na usawa wa bahari, una joto, na mivule yake ni minene ajabu. Ndani yake wanaishi popo wakubwa wa Pemba ambao hawapatikani kwingine duniani. Ukitoka kwenye miti ghafla unapigwa na mwanga na upepo wa pande zote, maana rasi yenyewe ni kipande chembamba cha ardhi: Verani upande wa magharibi, Vumawimbi upande wa mashariki. Jina hilo la pili halihitaji kufafanuliwa. Unaisikia pwani kabla hujaiona.

Siku ya kwanza sikupanda. Nilifika jua limeshapinda, nikamkuta mzee anayeutunza mnara, nikamwamkia kwa haraka, na sentensi ya pili tu nikauliza ni shilingi ngapi. Akanitazama kwa upole. "Leo jioni imeshaingia, mwanangu. Njoo kesho." Nikarudi Konde nikiwa mnyonge kabisa.

Nilifikia kwa dada wa jirani yangu. Alipakua wali na mchuzi wa pweza, akaniuliza mambo ya mnara yalikwendaje. Nilipomaliza kueleza akaniuliza, "Ulimwambia umetumwa na nani?" Nikasema hapana. "Basi alikujuaje? Kesho utafuatana na mwanangu."

Asubuhi tulifika mapema. Kijana alishika mkono wa mzee, akaulizwa hali ya mama, ya wadogo zake, ya shamba la karafuu. Kisha akasema huyu mgeni anatoka Moshi, ametumwa na mjomba, mtoto wa fulani. Uso wa mzee ukabadilika. "Yule mvuvi? Nimemjua tangu mimi mdogo." Akaingia ndani, akatoka na ufunguo. Fedha nilitoa pia, lakini baadaye, tulipokuwa tunaagana, na wakati huo ilikuwa asante.

Mnara ni wa chuma, umepakwa rangi nyeupe. Kwa kazi yangu nimepanda nguzo nyingi, ila ngazi ile ni nyembamba na inazunguka, mabega yanagusa, na ukishika reli kiganja kinarudi na unga wa kutu na chumvi. Nilisimama katikati ili nitazame nati. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi, tabaka kwa tabaka, mpaka kichwa cha nati kimepoteza pembe zake na kuwa mviringo kama kokwa. Kila tabaka ni mkono wa mtu aliyepanda na kopo la rangi kupigana na bahari. Mimi nikifunga nyaya kwenye nyumba nahesabu miaka ishirini kuwa ni mingi.

Kinachonivuta kwenye minara hii ni mwanga wake. Balbu ikiachwa peke yake humwaga mwanga kila upande, mwingi unapotea. Mwaka 1822 Mfaransa Augustin Fresnel alibuni kioo cha pete pete, kila pete imekatwa kwa pembe yake, kikaukusanya mwanga uliokuwa unapotea na kuurusha mbele kwa pamoja. Taa ndogo ikaanza kuonekana maili nyingi baharini. Halafu minara ikapewa kila mmoja mpigo wake wa kuwaka na kuzima, ili nahodha akihesabu ajue yuko wapi. Chumba cha taa chenyewe sikuingia, mzee alisema pale hapaguswi, na alikuwa na haki.

Nilitoka kwenye baraza la juu. Upepo ulinisukuma mgongo ukutani, shati likawa tanga. Magharibi maji yalikuwa ya buluu nzito inayokaribia weusi, kwa sababu mkondo kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita. Kusogea ufukweni rangi inakatika ghafla na kuwa kijani: hapo ndipo miamba. Ukiona mstari ule kwa macho yako unaelewa kwa nini taa iliwekwa hapa. Maji yalikuwa yanatoka, na kina mama wawili walishuka miambani na vijiti vyao kutafuta pweza.

Picha nilipiga, ila nilijua jirani yangu picha hazitamtosha. Nikakaa kwenye ngazi ya juu kabisa, nikawasha simu kurekodi, nikaiacha dakika nne bila kusema neno. Chuma kile kinaimba upepo ukipita.

Moshi nilifika Jumatano usiku. Alhamisi kwenye benchi nikampa simu. Aliiweka sikioni, akafumba macho, mteja wake akisubiri amkatie mita tatu za kitambaa. Sikuwa nimemwambia nilipanda saa ngapi.

"Kusi hilo," akasema. "Na maji yalikuwa yanapwa."

Akairudisha mwanzo, akasikiliza tena.