Namba tatu zilizoizuia kompyuta ya baba kusasishwa

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Tanga, na kompyuta yake ya mezani ndiyo ofisi ya kikoba chao. Humo mna hesabu za hisa na mikopo ya wanachama, barua, na picha za ukoo mzima. Ni mashine ya mtumba: prosesa ya Core i3 kizazi cha tatu, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 320, na Windows 10. Kwa miezi mingi ilikuwa haisasishiki. Inapakua hadi mia kwa mia, inaomba kuwashwa upya, inapanda mpaka kama theluthi hivi, kisha inatangaza kwamba imeshindwa na inarudisha kila kitu kilivyokuwa. Kesho yake inaanza tena. Bando linakatika, diski inanguruma, na baba amekaa na daftari lake anasubiri.

Fundi wa mtaani alishasema: ipigwe windo upya, yaani Windows ifutwe na kusakinishwa tena. Ushauri huu utausikia kila kona ya nchi, na mara nyingine ndio sahihi. Mimi sikuukubali kwa sababu mbili. Kwanza, printa ya baba ni ya zamani na CD ya programu yake ilishapotea. Pili, kama chanzo ni saa au nafasi ya diski, windo mpya nayo itakwama palepale baada ya miezi michache, na baba atalipia ufundi uleule tena.

Kabla ya kugusa chochote nilinakili mafaili yote ya kikoba na picha kwenye diski ya nje, nikayafungua machache kuhakikisha yanasomeka. Halafu nikaangalia afya ya diski yenyewe kwa programu ya CrystalDiskInfo. Unachotafuta pale ni sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Zikiwa zipo na zinaongezeka, acha habari za kusasisha, nunua diski nyingine. Ya baba ilikuwa nzima.

Sasa namba. Watu wengi huishia kwenye ile sentensi ya "imeshindwa" na hawafungui historia. Ingia Settings, kisha Update & Security, kisha View update history. Kila sasisho lililoanguka limeandikiwa namba yake ya kosa. Kwa baba nilikuta tatu tofauti: 0x80072F8F, iliyotokea hapa na pale, 0x80070070, ya miezi ya nyuma, na 0x80073712, ambayo ndiyo iliyotawala siku za karibuni. Hapo nikaelewa kwa nini tiba zote za awali hazikusaidia. Matatizo yalikuwa matatu yaliyopangana, na ukiondoa moja, la nyuma yake linasimama mlangoni.

Namba hizi zinasomeka, wala huhitaji intaneti kuzisoma. Ikiwa inaanza na 0x8007, tarakimu nne za mwisho ni namba ya kawaida ya makosa ya Windows, ila imeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita. Fungua kikokotoo cha Windows, kiweke kwenye Programmer, chagua HEX, andika 70. Kwenye DEC utaona 112. Kisha fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt) na uandike:

net helpmsg 112

Kompyuta yenyewe inakujibu kwamba nafasi ya diski haitoshi. Fanya hivyohivyo kwa 3712, utapata 14098, na jibu lake ni kwamba ghala la vipengele vya mfumo, yaani akiba ya faili za Windows yenyewe, limeharibika. Ile ya 2F8F ni 12175, kosa la upande wa mtandao: mawasiliano salama na seva yameshindikana. Kwa kompyuta kuukuu, hiyo ya mwisho karibu kila mara inaelekeza kwenye saa.

Nilianza na saa. Baba ana desturi ya kuzima swichi ya ukutani kila jioni, na ana haki, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo huunguza vitu. Lakini swichi ikizimwa, saa ya kompyuta hutegemea kibetri cha duara kilicho kwenye ubao mama, CR2032 cha volti 3. Kikishakufa, kila asubuhi mashine inaamka ikidhani ni miaka ya nyuma. Seva za masasisho hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kompyuta inayoishi miaka ya nyuma huviona vyeti hivyo kuwa bado havijaanza kutumika, hivyo inakataa kuzungumza. Huduma ya saa ya Windows nayo, kwenye kompyuta ya nyumbani, haikubali kujirekebisha yenyewe tofauti ikizidi saa 15. Kwa hiyo baba alikuwa akiiweka sawa kwa mkono, na siku anayosahau ndiyo siku ya 0x80072F8F.

Kubadilisha kibetri ni kazi ndogo, ila ina mtego mmoja ambao ningependa kila mtu aujue. Ingia kwanza kwenye BIOS, ile mipangilio ya ubao mama inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, na upige picha kwa simu kurasa zote, hasa ule mstari wa SATA, wa namna diski inavyowasiliana na ubao mama, unaosema AHCI, IDE au RAID. Kibetri kikitoka, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, na mstari huo ukibadilika Windows inaweza kukataa kabisa kuwaka. Mwenye kompyuta anadhani diski imekufa, kumbe ni neno moja limebadilika. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, weka kibetri upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha rudisha mipangilio kama ilivyo pichani. Angalia na ukanda wa saa pia. Mashine nyingi za mtumba hufika zikiwa bado kwenye ukanda wa Marekani. Chagua ulioandikwa (UTC+03:00) Nairobi, ndio wetu na sisi wa Tanzania.

Nafasi ilikuwa rahisi zaidi. Aliyeiuza mashine aliigawa diski mara mbili: C ya GB 60, na D kubwa iliyobaki tupu. Kila kitu cha baba kilikuwa C, zikiwemo video za WhatsApp alizozipanga juu ya Desktop. Zilikuwa zimebaki chini ya GB 3, na sasisho kubwa linahitaji kufunguliwa, kunakiliwa, na kuhifadhi toleo la zamani ili liweze kurudi likishindwa. Nilihamishia Documents, Pictures na Videos kwenye D kwa kubofya kulia, Properties, kisha Location, ili programu ziendelee kuzikuta bila baba kujifunza njia mpya. Nikaendesha Disk Cleanup kwa kitufe cha Clean up system files, ambacho ndicho kinachofichua mabaki ya masasisho ya zamani. Kitufe hicho wengi hawakibofyi, wanaambulia MB chache na kusema Disk Cleanup haifanyi kazi. Mwisho amri ya powercfg /h off ikaondoa faili la usingizi mzito (hibernation), ambalo baba halitumii. Ukiona Downloads kwenye orodha yoyote ya kufuta, iache mpaka umekaa na mwenye kompyuta. Wazee huhifadhi mambo ya maana humo.

Iliyonipa kazi ni ghala lililoharibika. Umeme ulikuwa umekatika masasisho yakiwa katikati ya kujisakinisha, na vipande vingine vikabaki nusunusu. Nilifungua dirisha la amri kama msimamizi na kuanza na DISM, zana ya Windows ya kutengeneza ghala hilo:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Kwenye diski ya kuzunguka amri hii ni ya subira. Huganda muda mrefu, mara nyingi kwenye asilimia 62.3, ukadhani imekufa. Usifunge dirisha, na kabla hujaanza tafuta UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) hata ya kuazima. Mimi niliazima kwa binamu yangu mwenye steshenari. Kwetu ilimaliza kwa kosa 0x800f081f, maana yake faili zisizo na hitilafu za kurekebishia hazikupatikana. Kwa kawaida DISM huzitafuta kupitia Windows Update, na hiyo ndiyo iliyokuwa mgonjwa wetu.

Njia iliyobaki ni kuiletea faili kutoka nje. Nilipakua ISO, yaani nakala ya diski ya kusakinishia, ya Windows 10 ya toleo lilelile kwa bando la usiku, nikaibofya mara mbili ikafunguka kama diski ya E. Humo kuna folda iitwayo sources, na ndani yake install.wim au install.esd. Faili hilo moja hubeba matoleo kadhaa, Home, Pro na mengine, kila moja na namba yake, kwa hiyo uliza kwanza:

DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim

Kisha tumia namba ya toleo linalolingana na la kompyuta. Kama ni 6:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:6 /LimitAccess

Ukikuta esd, andika install.esd badala ya install.wim, na Source:esd badala ya Source:wim; Get-WimInfo na WimFile ziache zilivyo. Hilo neno la mwisho, LimitAccess, linaizuia isikimbilie mtandaoni. Safari hii ilikamilika. Nikafuatiza sfc /scannow, ambayo hutumia ghala lililokwisha kutengenezwa kurekebisha faili za mfumo. Ukianza na sfc wakati ghala ni bovu, unachota maji kwenye kisima kichafu.

Baada ya hapo nilisimamisha huduma za wuauserv na bits, zinazoendesha na kupakua masasisho, kwa net stop, nikaipa jina jingine folda ya C:\Windows\SoftwareDistribution, inayohifadhi masasisho yaliyopakuliwa, nikaziwasha tena huduma. Windows hujitengenezea folda mpya safi. Maelekezo mengi huanza na hatua hii, nami sikubaliani nayo, kwa sababu historia ya masasisho nayo hutoweka, pamoja na namba zote za makosa. Ukianza hapo umefuta ushahidi kabla ya kuusoma.

Sasisho la mwezi lilikuwa bado linakatikakatika kwa sababu baba hutumia intaneti ya simu. Nilichukua namba yake ya KB, ile inayotambulisha kila sasisho, nikaitafuta kwenye tovuti ya Microsoft Update Catalog, nikalipakua faili la msu penye mtandao mzuri na kulileta kwa flashi. Hakikisha unachukua la x64 kama Windows yako ni ya biti 64. Unalibofya mara mbili, basi. Na kwa kuwa masasisho ya Windows 10 ni ya kulimbikiza, moja la karibuni lilibeba yale ya miezi yote iliyokosekana.

Kompyuta iliwaka upya, asilimia zikapita pale palipokuwa panaishinda, ikafika mwisho. Baba alisoma skrini mwenyewe, akasema, "Mwanangu, leo imekubali." Kutoka toleo la Windows 10 liitwalo 21H2 kwenda la mwisho, 22H2, ilikuwa hatua fupi, kwa sababu sehemu kubwa ya 22H2 ilikuwa imeshaingia na masasisho ya kila mwezi, ikisubiri kuwashwa tu.

Hiyo 22H2 ndiyo niliyokuwa naitaka. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza ya usalama kwa watu wa nyumbani, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026, hauikubali kompyuta iliyo chini ya 22H2. Nilimwandikisha baba kupitia ukurasa uleule wa Windows Update kwa njia isiyo na malipo, ile ya kuhifadhi mipangilio kwenye akaunti yake ya Microsoft. Njia nyingine ni kulipa dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards.

Kwenda Windows 11 haiwezekani kwa njia rasmi, kwani inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kwa hiyo nimempa baba LibreOffice, programu ya bure ya barua na majedwali, mapema. Majedwali yake ya kikoba yanafunguka humo vizuri, na programu hiyohiyo ataikuta kwenye Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, tukiamua kuhamia huko. Hesabu za mwezi uliopita amezifunga ndani yake bila kunipigia simu.