Nafasi ya Pili na ya Nne

Kompyuta ile iliwaka mara ya kwanza tu nilipobonyeza swichi, na hilo ndilo lililonifanya nisikague chochote tena.

Nilikuwa nimejibana miezi kadhaa kupata vifaa vyake. Bajeti ilikuwa ya wastani: prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya michoro ya RX 6600 yenye GB 8, RAM ya DDR4 ya GB 16 katika vijiti viwili, SSD ya TB 1 na pawa saplai ya wati 550. Fungu kubwa zaidi nililipeleka kwenye kadi, na mpaka leo naona nilifanya vyema. Kompyuta ya gemu ukiipunja kadi, hivyo vingine havitakuokoa.

Kuiunganisha kulichukua mchana mzima. Kipozeo ndicho kilichonitoa jasho, maana kila skrubu nilikuwa naikaza kidogo, nahamia ya upande wa pili, narudi, ili pesti ya joto isambae sawasawa. RAM niliichomeka upesi. Ubao mama ulikuwa na nafasi nne, nikatumia mbili zilizo karibu na prosesa.

Jioni nikaanza kupima. Niliikamua prosesa nusu saa nzima na joto halikupita nyuzi 82. Kisha nikafungua gemu yenye mji mkubwa, kwa 1080p (ukubwa wa kawaida wa picha kwenye skrini), nikapita njia ileile ya dakika tatu mara tano huku programu ikirekodi. Wastani ulikuwa fremu 64, yaani picha 64, kwa sekunde. Nikamwita mdogo wangu.

Alicheza kimya kwa muda, kisha akauliza, "Kaka, mbona inashtuka kila nikikata kona?"

"Tazama hapo juu. 64."

"Hiyo namba naiona. Lakini inashtuka."

Nilitaka kubishana naye, kisha nikarudi kwenye rekodi. Ile asilimia 1 ya fremu za polepole kuliko zote ilikuwa imeshuka hadi 31. Wastani ulikuwa umezifunika, lakini macho yake yalikuwa yameziona. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kila palipotokea mshtuko, kadi ilikuwa ikitumika kwa asilimia 65 hivi. Kifaa nilichokigharimia kuliko vyote kilikuwa kimekaa kinaisubiri prosesa, nayo prosesa inasubiri data kutoka kwenye RAM.

CPU-Z, programu inayoonyesha hali ya vifaa, ilionyesha chaneli moja, yaani njia moja tu ya data kati ya RAM na prosesa. Kwenye ubao ule, nafasi mbili za kwanza ni za chaneli moja, na vijiti viwili hukaa ya pili na ya nne. Mchoro ulikuwemo kwenye kijitabu ambacho sikukifungua. Tena RAM ya kasi ya 3200 ilikuwa inakwenda 2400, kwa sababu sikuwasha XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake, kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama. Nilipiga hesabu kwenye karatasi: 2400 kwa chaneli moja ni GB 19.2 kwa sekunde, 3200 kwa chaneli mbili ni 51.2. Niliumia kuona nimelipia vyote viwili na sikuwa nikipata hata nusu.

Nilizima, nikachomoa waya wa umeme, nikahamisha vijiti huku mdogo wangu akinimulikia kwa simu. Nikaingia BIOS, nikawasha XMP, nikarudia njia ileile mara tano. Wastani ulipanda hadi 79. Asilimia 1 ya chini ikafika 60, na kadi ikawa inafanya kazi kwa asilimia 97 karibu muda wote.

Sikumwambia namba hizo. Nilimpa usukani, nikasimama nyuma yake. Alifika kwenye ile kona, akaikata, akarudi nyuma, akaikata tena kwa kasi zaidi.

"Imeacha," akasema, akaendelea kuzunguka.