Siku yangu na kesi za mikopo ya gesi

Saa 1 asubuhi. Mlima Meru hauonekani, baridi tupu. Kifodi cha Kijenge kimejaa, kabrasha langu liko mapajani kwa mama muuza mboga.

Saa 2. Mimi ni mtafiti katika ofisi ndogo ya mawakili hapa Arusha. Wakili ninayemsaidia anataka muhtasari: serikali zinazokopesha miradi ya mafuta na gesi nje ya nchi zao zilishtakiwa wapi, kesi zikaishaje.

Saa 3 hadi saa 6 nimezama Msumbiji. Mwaka 2020 Uingereza, kupitia UKEF, wakala wake wa kudhamini mikopo ya biashara za nje, iliahidi hadi dola bilioni 1.15 kwa mradi wa gesi wa Cabo Delgado. Friends of the Earth, shirika la kutetea mazingira, wakaenda Mahakama Kuu ya huko Uingereza. Machi 2022 majaji wawili wakatofautiana: Thornton aliona serikali haikupima ipasavyo hewa ya ukaa itakayotoka gesi hiyo ikishachomwa huko inakouzwa, Stuart-Smith hakuona kosa. Majaji wakilingana, mdai ndiye anayeshindwa. Januari 2023 rufaa nayo ikagonga mwamba. Halafu, Desemba 2025, serikali ya Uingereza ikajitoa yenyewe, ikisema hatari za mradi zimeongezeka! Marekani imeenda kinyume: Machi 2025 Ex-Im, benki yake ya serikali ya kukopesha biashara za nje, iliidhinisha upya mkopo wa dola bilioni 4.7 kwa mradi huohuo, na Julai ikashtakiwa.

Saa 7, mtori. Kaka wa masjala ananiuliza, "Sasa hayo yanatuhusu nini sisi?" Namkumbusha bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Tanga, kilomita 1,443. Kesi ya kulipinga si ya mkopo, lakini ilifunguliwa hapahapa, Mahakama ya Afrika Mashariki, Novemba 2020. Miaka mitatu baadaye ikatupwa kwa kuchelewa: Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu ya kufungua kesi, na makubaliano ya serikali za Uganda na Tanzania kuhusu bomba yalisainiwa 2017. Yaani madhara yenyewe hayakupimwa. Mwanakijiji atajuaje ndani ya miezi miwili kilichosainiwa na wakubwa? Mimi naona kikomo hicho kinamlinda anayesaini kuliko anayeumia.

Saa 9, umeme unakatika. Chai.

Saa 11 jioni namtumia wakili jedwali. Anajibu haraka: "Tarehe ya kusaini na ya kufungua kesi ziwe safu za kwanza, mdogo wangu. Hoja zifuate. Na maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) ya Julai 2025 kuhusu tabianchi, yanayogusa ruzuku za mafuta, umeyaacha wapi?"

Nafungua tena kompyuta.