Mafuta ya kitimoto: nilikata pumba bure, shida ilikuwa dume

Jamani hili suala la kuambiwa "punguza chakula nyama itakuwa steki" lilinitesa mwaka mzima. Nafuga Mbeya, na jamaa wa bucha kila nikimpelekea nguruwe anaweka vidole viwili kwenye mafuta ya mgongoni, anacheka, halafu anakata bei. Mfugaji mwenzangu akasema kata pumba nusu. Nikakata. Weee! Banda zima kelele usiku kucha, wakatafuna mbao za mlango, miezi tisa ndo wanafika kilo 70 na walipochinjwa mafuta yalikuwa palepale, yaani nilipata nguruwe mwenye njaa na mafuta kwa pamoja, sijui niliwezaje.

Ndo nikamuuliza bwana mifugo, akaniambia unene wa mafuta ya mgongoni karibu nusu ya tofauti zake ni damu, mtoto anachukua kwa baba na mama. Dume langu lilikuwa chotara wa kienyeji, fupi, tumbo linaburuza chini. Sikuamini sana, nikataka nione mwenyewe. Nilikuwa na majike mawili ndugu, tumbo moja. Mmoja nikampandisha dume langu, mwingine dume la kuazima la Large White, aina ya kizungu, nililipa kama elfu ishirini na debe la mahindi (ila homa ya nguruwe ikisikika jirani usithubutu kuazima dume, mimi nilibahatika tu). Watoto wa Large White nikawakata pembe ya sikio la kushoto, wote nikachanganya banda moja, pumba ileile, mashudu na dagaa walewale, ili asije mtu kusema nimependelea. Siku ya kuchinja nikaenda na rula ya mwanangu ya shule, bucha wakaniona kichaa. Wa dume langu sentimita nne na kitu, wa Large White mbili na nusu! Kama profesa vile nilivyosimama pale na rula yenye damu.

Dume langu lilikuwa sokoni wiki hiyohiyo.

Ila msikimbilie kumaliza mafuta yote. Kuna anayenisukumia aina nyingine, Pietrain, nyama yake kweli ina mafuta kidogo sana, lakini kuna wenye jeni ya mshtuko, yaani kasoro ya kurithi, unampakia kwenye gari anafika amekufa. Na walaji wa kitimoto choma wanalalamika nyama kavu, kwa hiyo sasa natafuta dume la aina ya Duroc, yule mwekundu, mafuta yake yamejipenyeza ndani ya nyama yenyewe. Mwenye dume huku Mbeya aniambie, rula ninayo.